Msimu wa Kulaza Magari

Wengi wetu hudhani kwamba gari huchakaa kwa kwenda, na kwamba likishaegeshwa bandani, funguo zikatundikwa msumarini na mwenyewe akashika shughuli nyingine, basi limesalimika na kila shari mpaka siku litakapohitajiwa tena. Dhana hii imewafilisi wenye magari kuliko mashimo yote ya barabara. Gari linalokwenda humwarifu dereva maradhi yake, kwa mlio, kwa harufu, kwa mtetemeko wa usukani. Lakini gari lililolala huugua kimya, maji yakila chuma, asidi ikila beringi, jua likila mpira na panya wakila nyaya, hata siku ya kuamshwa hasara imekwisha kutimia, na hapana wa kulaumiwa ila yule aliyefunga mlango wa banda akaenda zake.

Wanaolifahamu jambo hili kuliko watu wote ni mafundi wa magari ya mashindano. Mbio za rali za ubingwa wa dunia hufunguliwa kila Januari huko Monte Carlo na hufungwa kuelekea mwisho wa mwaka, na katika majuma machache yaliyo baina ya mwisho na mwanzo, gari huvuliwa kila kitu mpaka likabaki bodi tupu, kila kiungo kikapimwa, kikaandikwa daftarini, kikarudishwa au kikatupwa. Kwetu Afrika ya Mashariki mchezo huu ulianza mwaka 1953, yalipofanywa mashindano ya Safari ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, magari yakazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika; na kwa kuwa baadaye yaliwekwa wakati wa Pasaka, yaani katikati ya masika, tope likawa hakimu mkuu wa mashindano yale. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 na yakafika 7 tu. Mwaka 1968 mambo yakawa yale yale: waliofika mwisho walikuwa saba.

Katika historia ya Safari hapana mtu anayestahili kutajwa katika sura hii kabla ya Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akakulia katika karakana ya baba yake kwa kushika spana, kisha mwaka 1958 akaajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika ya Mashariki kuwa mlinzi wa barabara, kazi ambayo maana yake ni kuwaendea watu waliokwama na kuwatoa. Mtu huyu, kabla hajawa bingwa, alikwisha kuona kwa macho yake mwenyewe jinsi magari yanavyokufa, moja baada ya moja, kwa sababu ambazo aghalabu zingalionekana bandani lau mwenyewe angaliinama akatazama. Pasaka ya 1965 alishinda Safari pamoja na ndugu yake Jaswant, na gari waliloshinda nalo lilikuwa Volvo PV544 kuukuu, lililokwisha kutumika katika mashindano na timu ya kiwanda kabla ya kuangukia mikononi mwao. Halikuwa na kasi ya kuwatisha wenzake. Lilikuwa na fundi aliyelijua ndani na nje. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer, na katika Safari 22 alizoingia alifika mwisho mara 19, hesabu ambayo kwa maoni yangu ina fahari kubwa kuliko vikombe vyake vitatu, maana kushinda huhitaji bahati, ilhali kufika mara 19 katika mashindano yanayomeza magari namna ile ni kazi ya spana, ya tochi na ya subira.

Lulimba, mji wetu ulioko Fizi, mashariki mwa Kongo, haukupata kuwa uwanja wa mashindano ya magari, na sidai kinyume chake. Lakini anayesafiri leo kwa Barabara ya Taifa namba 5, akitoka Baraka pwani ya ziwa, akapanda hadi Fizi, akateremkia Lulimba na kuendelea Misisi kwenye dhahabu, na Kalemie mbele yake, atakiri kwamba dereva wa Fuso wa njia hii angaliweza kumfundisha dereva wa Safari mambo mawili matatu. Chumvi, sabuni, saruji na mapipa ya mafuta yanayoshuka mashuani Baraka hayana njia nyingine ya kufika, na tope la Lulimba halina tofauti na tope lililowameza wale wa 1963.

Tofauti iliyopo ni ya majira. Gari la Ulaya hulazwa katika baridi, ndani ya banda kavu lenye taa na mashine ya kukausha hewa. Gari la Lulimba hulazwa wakati wa mvua, inayoanza kuelekea Septemba au Oktoba na kukaa hadi Mei, kwa kuwa huo ndio wakati barabara isipopitika mwenye lori huona afadhali aliegeshe kuliko kulizika. Basi sisi hulaza magari yetu katika majira yaliyo mabaya kuliko yote kwa chuma. Vitabu vya wageni, ambavyo vimeandikwa kwa ajili ya mabanda makavu, havimwelezi fundi wa huku lile ambalo ndilo linalomhusu zaidi.

Kazi ya kwanza ni kuosha, na hapana kazi inayodharauliwa kama hii. Tope lililokauka chini ya chesisi, ndani ya vifuniko vya magurudumu na juu ya springi, hunywa unyevu wa hewa na kuushika muda wote wa masika, likawa kitambaa kilicholowa kilichofungwa juu ya chuma kwa miezi saba. Liondolewe kwa maji mengi na kijiti, pasipo kuelekeza maji ya nguvu kwenye sili za beringi wala kwenye soketi za nyaya. Kisha gari liendeshwe mwendo mfupi, breki zipate moto zikauke, kabla ya kulazwa. Wengi huosha bodi ing'ae, wakaacha uvungu.

Chuma kikishakuwa safi ndipo kinaposema kweli. Ufa mwembamba katika mkono wa usukani, katika kikombe cha springi au katika kiungo cha kuvutia trela hauonekani kwa macho, na mafundi wa mashindano huutafuta kwa dawa nyekundu inayopenya ufani, ikafutwa, kisha ikapuliziwa unga mweupe unaoivuta nje ikaandika mstari. Dawa hiyo si rahisi kuipata Fizi. Lakini kabla haijabuniwa, mafundi wa karakana za reli walifanya jambo lile lile kwa mafuta ya taa na chaki, na njia yao haijapoteza nguvu zake: chuma kisafishwe kikauke, kiloweshwe katika mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta kidogo ya injini kwa saa kadhaa, kisha kifutwe kabisa kwa kitambaa kikavu, kipakwe chaki iliyosagwa na kulainishwa kwa spiriti, kiachwe, baada ya muda kigongwe kidogo kwa nyundo. Penye ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuipaka chaki mstari mweusi mwembamba kama unywele. Chaki hupatikana katika kila shule, na mafuta ya taa katika kila duka. Kinachokosekana ni mtu wa kutenga siku nzima kwa ajili ya chuma ambacho, kwa kutazama, hakina neno.

Nakuja kwenye mafuta ya injini, ambayo yana mas'ala yanayowatatiza hata madereva wa zamani. Mtu husema: gari linalala, mafuta haya yana uhai bado, nitayabadili nikiliamsha. Hesabu hiyo ni ya kinyume. Mafuta yaliyotumika yamekwisha kubeba maji na asidi itokayo katika kuungua kwa petroli na dizeli, na asidi hiyo, ikikaa miezi bila kutikiswa, hutafuna beringi za krenki mahali pale pale ilipotuama. Mafuta yabadilishwe kabla ya kulaza, injini ikiwa ya moto ili uchafu utoke pamoja nayo. Kadhalika ile ada ya kuwasha injini kila Jumapili kwa dakika tano, mwenyewe akasikiliza mlio wake akaridhika, ina madhara kuliko kuiacha: dakika tano hazitoshi kuipasha moto injini, na maji yanayozaliwa ndani yake hubaki ndani. Ama iwashwe na kuendeshwa mpaka ipate joto lake kamili, ama iachwe ilale.

Mafuta ya breki yana tabia yake ya pekee, kwamba huvuta maji kutoka hewani hata kupitia mipira, kwa hivyo huzeeka bila kutumika. Mafuta ya daraja inayoitwa DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanywa maji kiasi, kanuni zake haziyadhamini ila kwa nyuzi 155. Dereva wa rali hufikia joto hilo katika mteremko mmoja. Dereva wa Fuso yenye breki za namna hiyo, aliyejaza saruji, akishuka mlima huku amekanyaga pedali badala ya kutumia gia, hulifikia pia, na mafuta yanapochemka pedali hushuka hadi sakafuni bila kupata kitu. Yabadilishwe kila mwaka mmoja, au hata miwili kwa magari ya kawaida. Na chupa iliyofunguliwa ikakaa rafuni isitumike kabisa, hata ikiwa imejaa nusu.

Kuhusu mafuta ya kuendeshea sina mengi. Tangi la chuma lijazwe, maana nafasi tupu ndiyo inayozaa umande. Dizeli ichujwe na maji yamwagwe chini ya filta kabla ya kulaza na baada ya kuamsha, hasa ile iliyopita katika mapipa mengi na mikono mingi. Petroli iliyokaa miezi huganda gundi katika kabureta, kwa hivyo afadhali kabureta imwagwe.

Betri ifunguliwe waya wa hasi. Betri ya risasi iliyojaa huonyesha volti 12.6 au kupita kidogo. Ikiachwa chini ya 12.4 kwa muda mrefu, sahani zake hufunikwa na ganda gumu la salfati ambalo halirudi nyuma. Hapa Lulimba tumebarikiwa, kwa kuwa ambako umeme wa waya haukuzoeleka, sahani ndogo ya jua iko katika nyumba nyingi, nayo ikiwa na kidhibiti chake yatosha kuilinda betri ya gari msimu mzima. Matairi yainuliwe yasibebe uzito, yafunikwe jua, na mwenye gari asome tarakimu nne zilizoandikwa ubavuni, kwa mfano 2319, yaani juma la 23 la mwaka 2019. Maana tairi laweza kuwa na meno mazuri na ubavu uliokufa. Breki ya mkono isifungwe, kwa kuwa vibao hugandana na ngoma. Na pedali ya klachi ikandamizwe kwa kipande cha mti, la sivyo bamba lake litashikana na gurudumu la injini kwa kutu. Panya, nao ni maadui wasiohitaji maelezo, wazibiwe mdomo wa kichujio cha hewa na bomba la moshi kwa wavu wa chuma, na fundi aandike katika usukani kwamba wavu upo.

Sasa nafika kwenye vifaa vya kuvutia na kukokota, ambavyo ndivyo hasa vilivyonifanya niandike sura hii, kwa sababu hakuna kitu kinachobeba roho za watu kikapewa heshima kidogo namna hii. Gari lina mwenyewe, na kila asubuhi hutazamwa. Kebo ya chuma, mnyororo, shakeli, ndoana, mkanda wa nailoni na trela hukumbukwa saa ile tu lori limezama hadi ekseli, jioni inaingia, abiria wameshuka na kila mtu ana ushauri. Na kebo hutolewa chini ya magunia, yenye tope la msimu uliopita, ikafungwa bila kutazamwa.

Ni nini kinachotokea inapokatika? Waya wa chuma haunyumbuki sana, lakini uliokazwa na injini mbili hubeba nguvu ambayo lazima itoke mahali, na ikikatika hutoka kwa ncha: ndoana au shakeli huruka kwa mwendo ambao jicho haliuoni. Mkanda wa nailoni, kwa vile hurefuka kama mpira, huweka akiba kubwa zaidi ya nguvu. Ndiyo maana ni chombo kizuri cha kunasulia, na ndiyo maana ukifungwa mahali pasipofaa ni hatari kupita waya. Mahali pasipofaa kuliko pote ni kile kichwa cha mviringo cha kuvutia trela, ambacho kimefanywa kwa ajili ya mvuto wa polepole, na kikikwanyuka huwa risasi. Basi waya ukikazwa, gunia zito au blanketi lililolowa litupwe katikati yake, liuvutie chini ukikatika, na watu wote wasimame mbali, mbali zaidi ya urefu wa waya wenyewe. Najua jambo hili ni gumu njia ya Lulimba, ambako vijana wa kusukuma hutegemea ujira wa palepale na watoto hupenda kutazama. Ni gumu, lakini dereva ndiye mwenye funguo, naye asiwashe mpaka watu wamesogea.

Lakini hayo ni ya siku ya tope. Ya msimu wa kulala ni haya. Kebo inyoshwe chini yote, ioshwe, ikaukie juani, kisha fundi, akiwa amevaa glovu za ngozi, aishike kwa kitambaa na kukiburura toka ncha hadi ncha. Kila palipo na uzi uliokatika, kitambaa kitanaswa. Kanuni inayotumika kwa kebo za krini yatufaa na sisi: nyuzi 6 zilizokatika katika urefu wa msokoto mmoja kamili, au nyuzi 3 katika ukambaa mmoja, na kebo hiyo imestaafu. Iliyopondeka, iliyopindika kigoti au iliyokonda kwa kutu ndani ihesabiwe vivyo hivyo, hata kama nyuzi zake za nje ni nzima. Iliyo njema ipakwe mafuta mepesi yanayopenya, ikunjwe duara pana, itundikwe. Winchi nayo ifunguliwe kebo yake yote, isafishwe, kisha izungushwe tena ikiwa inavuta mzigo, kwa sababu mizunguko iliyolegea huchimbana siku ya kazi na kebo hujinyonga yenyewe.

Mkanda wa nailoni hufa kwa vitu vitatu: jua, mchanga na mafundo. Mchanga ulioingia ndani ya ufumaji hukata nyuzi kila mkanda unapokazwa, kwa hivyo uoshwe kwa maji matupu ukaukie kivulini. Na aliyefunga fundo ili kuufupisha ajue kwamba amepoteza karibu nusu ya nguvu zake. Ndoana iliyofunguka mdomo isigongwe kwa nyundo irudi, maana chuma kilichonyooka kwa mzigo kimekwisha kutoa habari zake. Na shakeli iliyopoteza pini yake ya asili, ikatiwa bolti ya kawaida iliyookotwa sakafuni mwa karakana, si shakeli tena. Nimeona bolti kama hizo mara nyingi kuliko nilivyoona pini.

Kwa upande wa trela, liwe la kubebea gari la rali toka Nairobi hadi Naivasha au la kubebea magunia toka Baraka, adui ni beringi za magurudumu, na maradhi yake yana sababu ya kupendeza kuijua. Trela likienda, kitovu cha gurudumu hupata moto na hewa iliyomo hutanuka. Likiingia mtoni, kitovu hupoa ghafla, hewa hunywea, na maji huvutwa ndani kupitia sili iliyochoka. Grisi hugeuka kuwa uji mweupe. Trela likaegeshwa, likasahauliwa miezi, na beringi zikaliwa na kutu katika mistari midogo iliyo sawasawa na nafasi za vyuma vyake vya mviringo. Msimu unaofuata, katikati ya mwendo, gurudumu hulipita gari lenyewe. Kwa hiyo kila trela lililovuka mito msimu mzima lifunguliwe vitovu kabla ya kulazwa, grisi ya zamani iondolewe yote, beringi zioshwe kwa mafuta ya taa na kutazamwa kwenye mwanga, sili ziwe mpya, na minyororo ya usalama, inayopita chini ya kiungo kwa kupishana, ipimwe kama mnyororo mwingine wowote. Difu la gari linalovuka mito lina maradhi hayo hayo, na dawa yake ni bomba jembamba la kupumulia lililoinuliwa juu.

Lipo jambo moja la mwisho, nalo ni la huku kwetu zaidi kuliko la Nairobi au Ulaya. Katika karakana za timu kubwa, kifaa kilichostaafu hutupwa na hakionekani tena. Lulimba kitu hakitupwi. Kebo iliyokataliwa na lori moja huokotwa na mwenye lori lingine, ambaye hajui historia yake, na huiona bado ni ndefu, bado ni nzito, bado ni ya bure. Tafadhali, basi, wewe mwenye kebo mbovu, usiitupe ilivyo wala usiigawe kwa huruma: ikate kwa patasi vipande visivyozidi urefu wa mkono, visivyoweza kuvuta hata baiskeli, na shakeli mbovu ipasue kwa msumeno, ndipo uwaache watu waviokote wavitumie kwa kufungia mbuzi na milango.